Umezawadiwa kitabu cha vita: ukisome, ukitunze au umpe mwingine?

Katika nyumba nyingi za mteremko wa Kilimanjaro, kuanzia Marangu na Kilema hadi Kibosho na Machame, kuna vitabu ambavyo hakuna mtu wa nyumba hiyo aliyevinunua. Kimoja kiliachwa na mgeni aliyeshuka mlimani, akagawa viatu, koti la baridi na kitabu alichokuwa akisoma kambini. Kingine kililetwa na mtoto aliyerudi Krismasi kutoka Dar es Salaam au ng'ambo. Kingine kilitoka kwa mwalimu mstaafu aliyekuwa akipunguza vitu ndani.

Mara nyingi vitabu hivyo huwa vya vita. Ni vinene, herufi zake ni ndogo, na kwenye jalada kuna askari, farasi au moshi wa mizinga. Aliyekupa amesema ni kitabu maarufu duniani, kila mtu anapaswa kukisoma. Wewe umeshukuru, ukakiweka juu ya kabati, na hapo kipo hadi leo.

Swali tunaloulizwa ni fupi: nikisome au nisikisome? Muda ni mdogo. Kuna kahawa ya kuchuma, ng'ombe wa kukatiwa majani, na jioni mwili umechoka. Kiingereza cha vitabu hivyo ni kigumu. Na wapo wanaoona kwamba habari za kuuana si za kuleta nyumbani. Katika makala haya tunaeleza vitabu hivyo vina nini ndani, vinahusiana vipi na ardhi tunayoishi, na jinsi ya kuamua bila kupoteza muda wala kumvunjia heshima aliyekupa.

Zawadi si deni

Tuanze na jibu fupi. Kitabu cha zawadi hakikulazimishi kukisoma. Heshima ya zawadi iko katika kuipokea na kushukuru, na hayo umeshayafanya. Aliyekupa shuka hakuulizi kama umeilalia kila usiku.

Lakini usikitupe wala kukifungia maandazi kabla hujakijua. Kati ya vitabu vya vita vinavyofika vijijini, vipo vinavyozungumzia vita vilivyopiganwa hapa hapa, katika njia ya Taveta, Kahe na Moshi mjini. Vipo pia vilivyowaacha nje mababu zetu waliokuwemo. Ukijua kitabu chako ni cha aina gani, uamuzi unakuwa mwepesi.

Vitabu vinavyofika mara nyingi

Kitabu kinachowatisha wengi kwa unene ni War and Peace cha Mrusi Leo Tolstoy, kilichokamilika mwaka 1869. Kina kurasa zaidi ya 1,000 katika chapa nyingi. Kinasimulia familia kadhaa za matajiri wa Urusi wakati Napoleon wa Ufaransa alipoivamia nchi yao mwaka 1812. Tolstoy mwenyewe alikuwa askari, alipigana vita vya Krimea, kwa hiyo alijua harufu ya baruti. Sehemu kubwa ya kitabu si mapigano. Ni ndoa, urithi, madeni na wazazi kugombana na watoto wao. Ugumu wake mkubwa ni majina: ni mengi, na mtu mmoja huitwa kwa majina matatu. Anayekisoma hufaidika akiwa na karatasi ya kuandika nani ni nani.

Kitabu cha pili ni All Quiet on the Western Front cha Mjerumani Erich Maria Remarque, kilichotoka mwaka 1929. Hiki ni kifupi, hakifiki kurasa 300 katika chapa nyingi, na Kiingereza chake ni rahisi. Kinaeleza vijana wa shule walioshawishiwa na mwalimu wao wajiunge na jeshi, kisha wakakutana na matope, panya, njaa na kifo. Mwaka 1933 Wanazi walikichoma moto hadharani, kwa sababu kiliondoa sifa zote walizotaka vijana wazione vitani. Hili tulikumbuke tutakapofika kwenye hoja ya wanaosema kila kitabu cha vita hufundisha fujo.

Wageni wa mlimani hupenda pia vitabu vya Mmarekani Ernest Hemingway, kwa sababu jina lake limefungamana na mlima wetu. Hadithi yake fupi The Snows of Kilimanjaro ilitoka mwaka 1936, lakini hiyo si hadithi ya vita hasa. Vya vita ni A Farewell to Arms cha mwaka 1929, kinachohusu Italia katika Vita vya Kwanza vya Dunia, na For Whom the Bell Tolls cha mwaka 1940, kinachohusu vita vya wenyewe kwa wenyewe nchini Hispania. Hemingway alijeruhiwa nchini Italia mwaka 1918 akiwa dereva wa gari la wagonjwa. Sentensi zake ni fupi, na kwa anayejifunza Kiingereza ni mwalimu mzuri.

Wafanyabiashara nao hupeana The Art of War cha Mchina Sun Tzu. Hiki hakina hadithi. Ni mawaidha kwa majemadari, yaliyoandikwa zaidi ya miaka 2,000 iliyopita, yamegawanywa katika sura 13 fupi. Kinaweza kusomwa kwa siku moja ya mvua. Usitegemee kupata humo machozi ya mama wala njaa ya mwanakijiji. Kinamtazama mtu wa kawaida kama mkuu wa jeshi anavyomtazama.

Vita vilivyopita mlangoni kwetu

Ukikuta kitabu chako kinataja German East Africa, kifungue kwa makini zaidi, kwa sababu hapo kinazungumzia Tanganyika chini ya Wajerumani.

Moshi haikuwa mbali na Vita vya Kwanza vya Dunia. Reli ya kutoka Tanga ilifika Moshi mwaka 1911. Vita vilipoanza Agosti 1914, Wajerumani waliiteka Taveta, mji ulio upande wa pili wa mpaka, wakiwa na lengo la kutishia reli ya Waingereza ya Mombasa hadi Nairobi. Novemba 1914 Waingereza walishambulia Tanga kutoka baharini wakashindwa vibaya, na wakati huo huo walishindwa pia huko Longido. Kwa muda mrefu kati ya mwaka 1914 na 1916, kamanda wa Wajerumani, Paul von Lettow-Vorbeck, aliongoza vita akiwa na makao yake hapa Moshi.

Mwanzoni mwa mwaka 1916 jeshi la Uingereza lilirudi na nguvu kubwa, likiwa na askari kutoka Afrika Kusini na India pamoja na Waafrika wa kikosi cha King's African Rifles. Februari walishindwa kwenye kilima cha Salaita, mashariki ya Taveta. Machi walipigana kwenye vilima vya Latema na Reata, kisha wakaingia Moshi, na siku chache baadaye wakapigana Kahe. Waingereza walijenga reli ya vita kutoka Voi kupitia Taveta hadi ikaungana na reli ya Tanga. Msafiri anayekwenda Taveta au Holili leo anakatiza katikati ya uwanja huo wa vita, na makaburi ya kijeshi ya Taveta na Moshi bado yanatunzwa.

Baada ya hapo vita vilihamia kusini, vikazunguka hadi Msumbiji na kuishia nchini Zambia ya leo, ambako Lettow-Vorbeck aliweka silaha chini tarehe 25 Novemba 1918, wiki mbili baada ya Ulaya kusitisha mapigano.

Nani alisimulia vita hivyo?

Hapa ndipo uamuzi wa kusoma au kutosoma unapokuwa na uzito. Vita hivyo vimeandikiwa vitabu vingi, na kila kitabu kina mahali kiliposimama.

Lettow-Vorbeck aliandika kumbukumbu zake, zikatoka kwa Kijerumani na kwa Kiingereza mwaka 1920. Ndani yake utaona majina ya vituo na mito tunayoijua, na utaona jinsi kamanda anavyohesabu risasi, kwinini na chakula. Askari wake Waafrika anawasifu kwa utii. Lakini soma ukikumbuka kwamba anayeandika ni jemadari anayetetea kazi yake. Chakula alicholisha jeshi kilitoka kwenye maghala ya watu, na wabebaji wake wengi hawakuulizwa kama wanataka kwenda.

Upande wa pili kuna Marching on Tanga cha mwaka 1917, kilichoandikwa na Francis Brett Young, daktari katika jeshi la Uingereza aliyeandamana nalo kuelekea kusini kandokando ya mto Pangani. Huyu anaandika kama mtu aliyechoka na kuumwa. Mandhari ya milima ya Pare na Usambara anayaeleza vizuri, ila wakazi wake huonekana kwa mbali.

Kisha kuna riwaya. The African Queen cha C. S. Forester, cha mwaka 1935, kilitengenezewa filamu mwaka 1951. Kinahusu Waingereza wawili katika mashua wakitaka kuizamisha meli ya Wajerumani ziwani. Ziwa la kitabuni ni la kubuni, lakini vita vya meli katika Ziwa Tanganyika vilitokea kweli, na meli moja ya Wajerumani wa wakati huo ndiyo iliyokuja kuitwa MV Liemba. Hiki ni kitabu cha kusisimua, kisome kama unavyotazama filamu. Ukitaka kujua Mtanganyika aliishije wakati huo, hakitakusaidia.

An Ice-Cream War cha William Boyd, cha mwaka 1982, kinaanzia karibu kabisa na sisi. Mmoja wa wahusika wake ni mkulima wa mkonge mwenye shamba karibu na Taveta, ambaye vita vinamkuta na kumharibia maisha. Kinacheka upumbavu wa wakubwa wa jeshi, na kinaeleza aibu ya Tanga. Kwa msomaji wa Moshi kina utamu wa kuona sehemu anazozijua, ingawa macho yanayotazama ni ya wazungu.

Kwa kulinganisha, chukua vitabu vya Abdulrazak Gurnah, mzaliwa wa Zanzibar aliyepata Tuzo ya Nobel ya Fasihi mwaka 2021. Paradise cha mwaka 1994 kinamfuata kijana Yusuf, aliyetolewa na baba yake kwa tajiri kufidia deni, hadi vita vinapokaribia. Kitabu hicho kimetafsiriwa kwa Kiswahili na Ida Hadjivayanis, kinaitwa Peponi, na kilichapishwa na Mkuki na Nyota mwaka 2022. Afterlives cha mwaka 2020 kinamhusu kijana aliyejiunga kwa hiari na jeshi la Wajerumani, na watu walioishi baada ya vita wakiwa na makovu. Humo Mwafrika ndiye mwenye jina, mawazo, mapenzi na majuto. Ukipata kimojawapo kama zawadi, ushauri wetu ni kukianza wiki hiyo hiyo.

Wapagazi ambao vitabu viliwasahau

Mpagazi wa mlimani anayepewa kitabu cha vita getini ana sababu ya pekee ya kutazama ndani yake. Vita vya mwaka 1914 hadi 1918 katika Afrika Mashariki vilibebwa kichwani. Ndorobo iliua farasi na nyumbu, barabara hazikuwepo, na kila sanduku la risasi na gunia la unga lilihitaji mtu. Waingereza waliunda kikosi cha wabebaji kilichoitwa Carrier Corps, na jina hilo ndilo watu walilitamka Kariakoo. Soko la Dar es Salaam limebaki na jina hilo, na Nairobi nayo ina Kariokor yake.

Wanahistoria wanakadiria kwamba wabebaji zaidi ya 95,000 wa upande wa Uingereza peke yake walikufa, wengi wao kwa kuhara, malaria, nimonia na njaa kuliko kwa risasi. Vijijini hali ilikuwa mbaya pia. Majeshi yote mawili yalichukua nafaka na mifugo. Ugogo ilikumbwa na njaa inayokumbukwa kwa jina la Mtunya, na mwaka 1918 homa ya mafua ikamalizia waliokuwa wamedhoofika.

Mwaka 2021, Tume ya Makaburi ya Vita ya Jumuiya ya Madola ilitoa ripoti ikikiri kwamba watu wasiopungua 116,000, wengi wao wa Afrika Mashariki na Misri, na pengine hadi 350,000, hawakukumbukwa kwa majina au hawakukumbukwa kabisa, tofauti na askari wa kizungu waliopewa kila mmoja jiwe lake. Kwa hiyo kitabu kinapotaja wabebaji mia mbili kwa sentensi moja kisha kikaendelea na habari za nahodha, usione ni jambo dogo. Ndivyo usahaulifu ulivyojengwa.

Hali hii haikuanzia mwaka 1914. Old Moshi wanakumbuka kwamba Juni 1892 wapiganaji wa Mangi Meli walilishinda jeshi la Wajerumani na kumuua kamanda wake, von Bülow, na kwamba mwaka uliofuata Wajerumani walirudi wakashinda. Tarehe 2 Machi 1900 Mangi Meli alinyongwa pamoja na viongozi wengine, akiwemo Mangi Molelia wa Kibosho. Hadi leo ukoo wake unatafuta fuvu lake, linaloaminika kupelekwa Ujerumani. Mwaka 2023 taasisi ya makumbusho ya Berlin ilitangaza kwamba vipimo vya vinasaba vimeyaunganisha mafuvu matatu na familia zilizo hai hapa Tanzania. Hadithi hii ni ya vita, ni ya kwetu, na huwezi kuikuta katika vitabu vingi vinavyoachwa na wageni.

Namna ya kukipima kitabu kwa jioni moja

Huhitaji kumaliza kitabu ili uamue. Tunapendekeza hatua hizi, na jioni moja inatosha.

Kwanza, soma nyuma ya jalada na ukurasa wa mwanzo wenye mwaka. Tafuta vita gani, wapi, na mwandishi alikuwa nani. Alikuwa askari, daktari, mwandishi wa habari, au mtu aliyezaliwa miaka 50 baadaye? Kila mmoja anajua kitu tofauti.

Pili, tafuta ramani. Ikiwepo, angalia kama kuna jina unalolijua. Kitabu kinachotaja Kahe au mto Ruvu kitakushika zaidi kuliko kinachotaja miji usiyoisikia.

Tatu, soma kurasa 20 za mwanzo. Maneno usiyoyajua yakizidi kumi katika kila ukurasa, kitabu kitakuchosha kabla hakijakufaa. Si kosa lako. Kiweke pembeni au tafuta mtu wa kusoma naye.

Nne, fungua katikati na hesabu watu waliotajwa kwa jina. Ikiwa vita viko Afrika na kwa kurasa 50 hakuna Mwafrika mwenye jina, umeshajua kitabu kinasimama wapi. Bado unaweza kukisoma, ila utakisoma ukijua kwamba umeonyeshwa nusu ya habari.

Tano, jiulize unataka nini. Kama ni Kiingereza, chagua kifupi cha sentensi rahisi. Kama ni historia, chagua chenye tarehe na ramani. Kama ni burudani, usijilazimishe na kurasa 1,000.

Hoja ya wanaokataa

Wapo wazazi na viongozi wa dini wanaosema kitabu cha vita hakifai nyumbani, kwa sababu humzoesha kijana damu. Hoja hiyo ina ukweli ndani yake. Kuna vitabu vinavyofanya kuua kuonekane mchezo, na mtoto wa miaka 12 akikisoma peke yake anaweza kubaki na picha ya bunduki tu.

Lakini kusema vyote ni hivyo si haki. Vingi vya vitabu vya vita vilivyodumu viliandikwa na watu waliorudi wakiwa wameumia, wakitaka wengine wasirudie. Ndiyo maana tulikumbusha habari ya Remarque. Waliokichoma kitabu chake walikuwa watu waliotaka vita.

Kwa hiyo tunashauri mtu mzima asome kwanza. Kama kuna sehemu za ukatili mkali au ubakaji, mpe mtoto kitabu kingine hadi akue. Kwa kijana wa sekondari, msome pamoja na mzungumze. Muulize nani alifaidika na vita hivyo na nani alilipa. Wahenga walisema wapiganapo tembo, ziumiazo ni nyasi. Mtoto akitafuta nyasi katika kila sura, amejifunza.

Kuna kundi jingine la kulifikiria kwa upole: waliopitia vita wenyewe. Moshi na vijiji vyake vina wazee waliopigana Kagera mwaka 1978 na 1979, wakiwa JWTZ au wanamgambo. Wapo pia waliokimbia vita katika nchi jirani. Kwao kitabu cha vita si hadithi. Mmoja atapenda kukisoma ili aone kwamba hakuwa peke yake. Mwingine kitamrudishia usiku ambao ameshindana nao miaka 40. Usimpe mzee wa namna hiyo kitabu bila kumuuliza. Na wewe mwenyewe, kitabu kikikunyima usingizi, kifunge. Hakuna mtihani mwishoni. Usingizi ukiendelea kukosekana, zungumza na mhudumu wa afya.

Vita katika Kiswahili

Anayetaka kusoma habari za vita bila kupigana na Kiingereza ana mahali pa kwenda. Fasihi ya vita ya Kiswahili ni kongwe. Utendi wa Tambuka uliandikwa mwaka 1728. Hemedi bin Abdallah alitunga utenzi wa vita vya Wadachi walipoitwaa Mrima, akieleza mapambano ya pwani ya mwaka 1888 na 1889. Shaaban Robert alitunga Utenzi wa Vita vya Uhuru kuhusu vita vya mwaka 1939 hadi 1945, vita ambavyo vijana wa Tanganyika walipelekwa kupigana hadi Burma. Ebrahim Hussein aliandika tamthilia ya Kinjeketile, iliyotoka mwaka 1969, kuhusu Vita vya Maji Maji.

Kuhusu Kagera kuna Kuzama kwa Idi Amin cha Baldwin Mzirai, cha mwaka 1980, na Utenzi wa Vita vya Kagera na Anguko la Idi Amin Dada wa Henry Muhanika, wa mwaka 1981. Kwa watu wa Moshi vita hivyo vina ukurasa wa pekee. Tarehe 24 hadi 26 Machi 1979, Waganda waliokuwa uhamishoni walikutana hapa Moshi, wakaunda umoja wao na kumchagua Yusuf Lule kuwa mwenyekiti. Wiki mbili na ushei baadaye, Aprili 11, Kampala ilianguka. Wazee wanaokumbuka hotuba ya Mwalimu ya sababu, uwezo na nia wanakumbuka pia miezi 18 ya kufunga mikanda iliyofuata, na jinsi ilivyozidi.

Baadhi ya vitabu hivi havipatikani madukani kwa urahisi. Ulizia maktaba ya mkoa iliyopo Moshi mjini, maktaba ya shule ya sekondari iliyo karibu, au mwalimu wa Kiswahili.

Ukiamua kutokisoma

Basi usikifiche. Kitabu kinachokaa juu ya kabati huliwa na mchwa na unyevu wa masika. Mwandikie aliyekupa ujumbe mfupi wa kushukuru, useme kweli kwamba kimekuwa kigumu kwako na umempa mtu atakayekitumia. Watoaji wengi hufurahi kusikia kitabu kinatembea kuliko kusikia kimelala.

Kipeleke shule ya sekondari, maktaba, au kwa kijana anayejiandaa na kidato cha tano. Kabla ya kukitoa, kikague. Wageni huacha humo barua, picha na wakati mwingine noti. Kama kimeandikwa jina lako na maneno ya upendo ukurasa wa mwanzo, piga picha ukurasa huo kwa simu ubaki nao.

Ukiamua kukisoma

Jiwekee kurasa 10 kwa siku. Kitabu cha kurasa 300 kitakwisha ndani ya mwezi mmoja. Weka kamusi kwenye simu, lakini usitafute kila neno. Tafuta lile linalojirudia. Vitabu vya zamani sana kama War and Peace vimeshapita muda wa hakimiliki na hupatikana bure mtandaoni kwa Kiingereza, kwa megabaiti chache, hivyo wawili mnaweza kusoma pamoja mkiwa na nakala moja tu ya karatasi.

Kama nyumbani kuna mmoja anayejua Kiingereza vizuri, asome yeye na awasimulie wengine kwa Kiswahili, au kwa Kichagga, baada ya chakula. Wengi wetu tumezoea kuzijua hadithi kwa masikio kabla ya macho.

Kisha fanya jambo moja ambalo hakuna mgeni anayeweza kukufanyia. Ukifika mahali kitabu kinapotaja wabebaji, njaa au askari wasio na majina, mwulize mzee wa ukoo kama kuna aliyechukuliwa kwenda vitani, Kariakoo, Burma au Kagera. Akikubali, mrekodi kwa simu. Andika jina kamili, kijiji, na alichokiona au alichosimuliwa. Weka nakala kwa ndugu wawili, maana simu hupotea.

Waliopigana Kagera wakiwa na miaka 20 sasa wamepita miaka 65. Kitabu kilicho juu ya kabati kitakungoja. Wao hawatakungoja muda mrefu. Kama una saa moja tu wiki hii, anza na mzee, kitabu kitafuata.